Gauni Jipya Lisilopendeza

Katika nchi yetu ya Buhaya majira ya nguo mpya ni kiangazi, ambacho sisi hukiita ekyanda, tangu mwezi wa Juni hata Agosti. Ndipo mvua inapopunguka, ijapokuwa haikomi kabisa, maana mji wa Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2000 kwa mwaka, na hata mwezi wa Julai wingu la ziwani huweza kumwaga maji asubuhi bila kubisha hodi. Ndipo kahawa inapoanikwa uani, fedha kidogo ikaonekana nyumbani, na arusi zikafuatana Jumamosi kwa Jumamosi toka Kamachumu hata Rubya. Basi akina mama hununua vitambaa, na cherehani zilizolala muda mrefu chini ya shuka hufunuliwa zikatiwa mafuta.

Na katika majira hayo hayo husikika neno moja kila kijiji: “Nimeshona, walakini halikunikaa.” Gauni limekwisha, limepigwa pasi, mwenyewe amelivaa mbele ya kioo, naye amenyamaza. Kwapani linabana, kiunoni linapwaya, pindo la chini limepanda upande mmoja kama mtu achechemeaye. Katika picha lilikuwa zuri, na kitambaa kilipokuwa dukani kilikuwa kizuri. Uzuri umepotelea wapi?

Nataka tulitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa si dogo kama wengine wasemavyo, na hasa sisi wanaume. Yadi nne za kitambaa chema zaweza kumaliza fedha ambazo nyumba nzima ilijinyima ili kuziweka. Tena kuna huzuni isiyohesabiwa kwa fedha. Mtu ameinama siku tatu, macho yamemwuma, amemshonea mwanawe kwa upendo. Kisha mtoto asema asante, akalikunja lile gauni, akalitia sandukuni, wala halionekani tena.

Wazee wetu hawakuijua shida hii, na sababu yake ni rahisi: nguo zao hazikukatwa kwa kufuata mwili. Watu wa kale wa Buhaya, kama jirani zao Waganda, walivaa nguo ya gome la mti. Gome la ndani la mti wa jamii ya mkuyu lilibanduliwa, likapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo, mpaka likapanuka na kulainika. Kazi hiyo ingaliko Uganda hata leo, na UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi bora wa wanadamu, ikaiandika katika orodha yake mwaka 2008. Nguo ile ilifungwa mwilini. Mtu aliponenepa aliilegeza, alipokonda aliikaza. Nguo haikumwambia neno.

Baadaye ikaja merikani, iliyopata jina lake kwa sababu ilifumwa Marekani katika viwanda vya Massachusetts, nayo katika miaka ya 1830 ilikuwa ikiletwa Unguja na merikebu za mji wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hata 1865, viliikatiza biashara hiyo, na nguo za Bombay zikapata nafasi. Ikaja na kanga. Zote hizo ni vipande vya pembe nne, na kipande cha pembe nne hakiwezi kumkosea mtu kipimo.

Gauni ni mgeni wa namna nyingine. Lataka kujua kifua chako ni inchi ngapi, na kiuno, na bega, na urefu wa mgongo; na ukilidanganya mahali pamoja litakusema mbele ya watu. Waganda walipata njia ya katikati. Husimuliwa kwamba shule ya wasichana ya Gayaza ilipoanzishwa mwaka 1905, fundi mmoja Mgoa, jina lake Gomes, aliwashonea wanafunzi vazi lililoitwa gomesi kwa jina lake, ingawa wengi hulijua kwa jina la busuti. Lina shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mikono mifupi iliyosimama mabegani, na mshipi mpana. Nalo hula hata mita 6 za kitambaa. Vazi hilo lilifika mpaka kwetu, na katika arusi za Bukoba na Muleba huonekana hata sasa. Mtazameni mama aliyelivaa: mshipi ndio upimao kiuno chake, wala si mkasi. Kwa hiyo gomesi moja laweza kuvaliwa na mama mwaka huu, na shangazi mwaka ujao, na lisimwaibishe hata mmoja.

Lakini gauni la kiangazi la siku hizi, lenye kubana kifuani na kiunoni kisha kupanuka chini, halina mshipi wa kulisitiri. Inchi moja ikikosekana, kanisa zima laiona.

Kosa la kwanza hufanyika dukani, kabla ya mkasi kushikwa. Vitambaa viwili huning'inia ubavu kwa ubavu, rangi zao ni moja, maua yao ni mamoja. Hiki ni pamba, na hiki ni poliesta, yaani nyuzi zitengenezwazo kwa mafuta ya petroli, zilizovumbuliwa Uingereza mwaka 1941. Pamba huweza kushika unyevu wa kiasi cha sehemu 7 au 8 kwa mia ya uzito wake. Poliesta haifikishi hata sehemu moja. Maana yake jasho la adhuhuri hukaa mwilini bila pa kwenda, na mvaaji wa gauni zuri hutamani arusi iishe aende nyumbani. Mwenye duka akikuapia kwamba ni pamba tupu, mwombe nyuzi mbili za ukingoni ukazichome nje. (Nje, nasema, msiliunguze duka la mtu.) Pamba huungua kama karatasi, ikaacha jivu jepesi la kijivu. Poliesta huyeyuka, ikafanya tone gumu kama ushanga mweusi.

Hata umbo la gauni huchaguliwa dukani, mara nyingi kwa kutazama picha kutoka Ulaya. Huko kiangazi ndiyo majira ya joto, tena jua hukawia kuchwa hata saa tatu ya usiku. Kiangazi chetu sicho hicho. Ni majira ya ukavu, na asubuhi zake ni za baridi kuliko za miezi mingine. Upepo watoka ziwani, na kipimo cha joto huweza kushuka mpaka digrii 16 kabla ya kupanda tena mpaka 26 mchana. Msichana aliyeshonewa gauni lisilo na mikono husimama nje ya kanisa saa mbili za asubuhi amejikunja kama kuku aliyenyeshewa, kisha hulifunika gauni lote kwa sweta ya kaka yake. Hapo gauni halina kosa, wala fundi hana kosa. Walichagua nguo ya nchi nyingine. Mikono mifupi ifikayo nusu ya mkono wa juu yatosha kuondoa taabu hiyo.

Baada ya duka ni beseni. Kitambaa cha pamba kikifuliwa mara ya kwanza hurudi, kwa kawaida sehemu 3 hata 5 kwa mia, na pengine zaidi. Gauni la urefu wa inchi 40 likirudi sehemu 5 kwa mia limepungua inchi 2, nazo zatosha kulipandisha pindo kutoka chini ya magoti hata juu yake. Tena vitenge vingi hutoka kiwandani vimetiwa wanga, hivyo husimama wima kama karatasi na kumdanganya mshonaji. Akifikiri kwamba marinda yatasimama siku zote, hushona marinda mengi, na baada ya kufuliwa mara moja yote hulala. Kwa hiyo kitambaa kiloweshwe usiku kucha, kianikwe kivulini, kipigwe pasi, ndipo kikatwe. Na kama rangi yake ni ya kutiliwa shaka, mtu aweke kitambaa cheupe kilicholowa juu ya ukingo wake na kupitisha pasi ya moto. Rangi ikihamia juu ya cheupe, ajue kwamba itachuja. Haya yote ni kazi ya siku moja. Najua kwamba siku hiyo moja ndiyo isiyopatikana, kwa sababu kitambaa hununuliwa Jumatano na arusi ni Jumamosi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja wa upande wa Kamachumu, ambaye sitamtaja jina. Binti yake alichaguliwa kumsimamia rafiki yake katika arusi. Msichana alikuwa na gauni la mtumba alilolipenda kuliko nguo zake zote, nalo lilimkaa vema ajabu. Mama akanunua kitenge chenye picha za ndege, yadi nne, akaona hakuna haja ya kupima mwili wa mtoto. Akalitandaza lile gauni la mtumba juu ya kitenge, akachora kando yake kwa chaki, akaacha nusu inchi ya mshono, akakata. Akashona usiku mbili. Alhamisi jioni akamwita binti alijaribu.

Halikupita mabegani. Walipolisukuma likapita, msichana hakuweza kuinua mikono, na zipu ilikataa kufungwa kwa upana wa vidole vitatu. Tena, kwa kuwa mama alitaka kuokoa kitambaa, alikigeuza kipande cha nyuma juu chini, ili upana wa kimoja uingie katika wembamba wa kingine. Basi mbele ndege waliruka, na mgongoni walianguka vichwa chini. Binti akasema, “Asante, Mama, ni zuri,” akalivua taratibu ili lisichanike. Usiku mama alimsikia akilia chini ya blanketi. Hapana mwana aliyekosa adabu hapo, wala mzazi aliyekosa bidii.

Kwa nini lilikataa? Kwa sababu lile gauni la mtumba lilikuwa la kitambaa kilichofumwa kwa vitanzi, kama fulana. Kitambaa cha namna hiyo huvutika; gauni likilala juu ya meza huwa dogo kuliko mwili, na likivaliwa hutanuka. Kitenge kimefumwa kwa nyuzi zinyokazo, za mtande na za mshindio, nacho hakivutiki ila kidogo tu kikivutwa mshazari. Ukikata kitenge kwa kipimo cha fulana umekata nguo ya mdogo wake. Naona ya kwamba katika siku hizi ambapo mitumba imejaa kila soko, hili ndilo kosa linaloharibu vitambaa vingi kuliko makosa mengine, na halisemwi, kwa kuwa mshonaji hudhani mkono wake ni mbaya.

Ijumaa asubuhi mama alilichukua gauni mpaka barazani kwa fundi mmoja mzee mjini Muleba, mtu aliyezoea kushona kanzu. Mzee hakucheka, wala hakuuliza nani alilikata. Alilipindua, akalitazama kwa ndani, akasema, “Kanzu ina taharizi na kikwapa, kwa nini gauni lisiwe navyo?” Akaifumua mishono ya mbavuni tangu kwapani hata chini, akaingiza kila upande ukanda wa kitambaa cheusi kisicho na maua, upana wa inchi mbili, na chini ya kila mkono akatia kipande kidogo cha pembe nne kilichokatwa hanamu. Kwa shingo akatumia weusi ule ule, ili watu wadhani ulikusudiwa tangu mwanzo. Ndege wa mgongoni hakuweza kuwageuza. Siku ya arusi msichana alilivaa, akainua mikono, akacheza. Na katika mkutano wote ni mtoto mmoja mdogo tu aliyeuliza kwa sauti kuu kwa nini ndege wa dada wamelala.

Basi yafaa kupima mwili wenyewe, wala si nguo. Tena kipimo cha mwili si kipimo cha gauni. Kifua cha inchi 36 hakishonewi gauni la inchi 36; huongezwa inchi 2 hata 4, ili mtu apate kupumua na kuketi na kula chakula cha arusi. Na mbavuni mtu aache inchi nzima ya mshono badala ya nusu. Wachuuzi wa vielelezo vya karatasi walilijua jambo hili zamani, tangu Ebenezer Butterick wa Marekani alipoanza kuuza vielelezo vyenye saizi mbalimbali mwaka 1863. Lakini hata vielelezo vile vilifuata miili ya wanawake wa kwao, na mama wa Kihaya mwenye nyonga pana na kiuno chembamba hukuta kwamba saizi imkaayo juu yambana chini. Hapo hakuna dawa ila futi, kalamu na kuchora upya.

Kushona kwenyewe nitakupitia upesi, maana walio wengi hukujua. Mishono mirefu ipigwe bandi kwanza kwa mkono, gauni lijaribiwe, ndipo cherehani ipite. Sindano namba 14 yafaa kitenge, bali kitambaa chepesi chataka namba 11, la sivyo hutobolewa matundu yanayoonekana. Uzi wa juu ukikazwa mno, mshono huvuta kitambaa na kukikunja kama paji la uso la mwenye hasira. Basi mtu ajaribu kwanza juu ya kipande cha kitambaa kile kile kilichokunjwa mara mbili, wala asijaribu juu ya kitambaa kingine kilicho karibu.

Lakini juu ya pindo la chini niseme zaidi, kwa sababu hapo ndipo hata mafundi hodari huhuzunika. Gauni lenye kupanuka kama mwavuli hukatwa mviringo, na kwa hiyo mahali pengine nyuzi zake huanguka wima, na mahali pengine huanguka hanamu. Zile za hanamu huendelea kushuka kwa uzito wao. Gauni lililopigwa pindo usiku ule ule liliposhonwa huwa sawa usiku ule, na kesho yake lina pembe. Litundikwe kwanza siku moja nzima. Kisha mwenyewe alivae akiwa na viatu atakavyovivaa, asimame wima, na mtu mwingine apime kutoka chini kwenda juu kwa rula iliyosimamishwa sakafuni, akizunguka pande zote na kutia pini. Mtu hawezi kujipimia pindo. Akiinama kutazama, pindo la nyuma limekwisha kupanda.

Nanyi walimu mfundishao kazi za mikono shuleni, nawaomba jambo moja. Msiwape wasichana, wala wavulana, kitambaa kipya kwa gauni la kwanza. Mwambieni kila mtoto alete shuka kuukuu, hata ikiwa na viraka. Juu ya shuka hiyo akate, apige bandi, avae, aone panapobana, afumue, akate tena. Shuka ikiisha kumkaa, aifumue na kuitumia vipande vyake kuwa kielelezo. Mtoto aliyekosea juu ya shuka hucheka. Aliyekosea juu ya kitenge cha mama yake huogopa mkasi miaka mingi. Naona ajabu kwamba sisi tufundishao hesabu za sehemu kwa mia kwa mifano ya riba na faida hatujatoa mfano wa kitambaa kilichorudi, ambao ungefahamika na darasa lote.

Imebaki habari ya magauni yaliyomo masandukuni sasa hivi. Lililorudi likawa fupi laweza kuongezwa ukanda chini, upana wa inchi nne au tano, wa kitambaa cha rangi moja iliyomo katika maua yake. Na ukanda huo huo ukirudiwa mikononi, hapana atakayejua. Linalopwaya mbavuni ni rahisi kuliko yote, ila mtu asiingize upande mmoja tu. Lililochuja rangi laweza kutiwa rangi nyeusi zaidi. Lisipokubali, likatwe kuwa sketi ya mtoto, maana mgongo na chini ya gauni huwa na vipande vikubwa visivyo na kosa. Na lile la poliesta lisilovumilika mchana lihifadhiwe kwa ajili ya masika, kwa kuwa hukauka upesi kuliko pamba. Nalo likivaliwa juu ya shumizi ya pamba halimchomi mtu sana.

Kabla ya kufumua, akina mama wachukue wembe mpya na kuketi penye nuru ya mchana. Mishono iliyofumuliwa usiku kwa taa hukata kitambaa, na tundu la wembe halina kikwapa cha kuliziba.